Daktari Asema Moyo ni Mzima, Mbona Silali?

Asalaam aleikum shangazi. Mimi ni mwanamume wa miaka 36, nina mke na watoto wawili. Nimekodi nyumba ya kale hapa Mkomani, nikaifanya nyumba ya wageni, vyumba sita, na nina wafanyakazi wanne. Msimu wa upepo wa kusi mwaka huu umenimaliza. Wageni waliokuwa wameshika vyumba wamefuta safari, kodi haingoji, na nimekopa kwenye simu, mkopo mmoja kulipa mwingine, hata jumla siijui. Mke wangu hajui lolote. Miezi mitatu sasa naamka saa tisa usiku moyo unakwenda mbio, kifua kinabana, mikono inakufa ganzi, nahisi roho inatoka. Daktari amenipima, asema moyo ni mzima. Natafuna majani ya muguka ili niwe macho nijibu wageni kwenye simu. Barazani siendi tena, na msikitini naona haya kwa sababu nimeingia kwenye riba. Mama asema ni jicho, ataka nikasomewe. Shangazi, kuna siku namwomba Mungu nilale nisiamke. Naogopa kumwambia daktari, nasikia mtu akisema hivyo hushitakiwa. Nifanyeje?
Mwenye Nyumba Tupu, Lamu

Waaleikum salaam mwanangu.

Naanza na lile uliloliweka mwisho, kwa sababu ndilo lililonifanya niisome barua yako mara ya pili kabla ya kushika kalamu. Kutamani kulala usiamke ni dalili ya maumivu, na maumivu hayo yana tiba. Wala hukuvunja sheria. Kuwaza hakujawahi kuwa kosa Kenya. Kosa lilikuwa kujaribu kujiua, chini ya kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, na Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Basi daktari mwambie, tena kwa maneno yale yale uliyoniandikia mimi. Na ikitokea mawazo hayo yamegeuka, ukajikuta unafikiria namna ya kufanya, usingoje asubuhi. Mwamshe mtu nyumbani mwende hospitali saa hiyo hiyo, au piga 1199, simu ya Msalaba Mwekundu wa Kenya. Haina malipo.

Hayo ya saa tisa usiku yana maelezo. Mwili ukikaa na wasiwasi kwa miezi hubaki umejiandaa kwa hatari hata mtu akiwa kitandani mwake. Moyo hukimbia, pumzi zinakuwa fupi na za haraka, na pumzi hizo ndizo zinazotia mikono ganzi. Inatisha mno, lakini kwa kawaida hufika kilele ndani ya dakika kumi hivi, kisha hushuka yenyewe. Umefanya vizuri kupimwa moyo kwanza, maana si vyema kudhani kila kifua kinachobana ni wasiwasi tu. Sasa umejua moyo ni mzima. Ikija tena, keti, weka nyayo sakafuni, vuta pumzi polepole kwa pua, kisha itoe kwa mdomo taratibu zaidi ya ulivyoivuta. Rudia mpaka itulie.

Muguka uache. Hapa sina maneno ya kubembeleza. Ndani yake mna kathinoni, kichangamsho kinachoukimbiza moyo na kuufukuza usingizi, na nguvu yake ikiisha humwacha mtu ameinama kuliko alivyokuwa. Unatafuna mchana kitu kile kile kinachokuamsha usiku. Kuacha kukikushinda peke yako, hilo nalo mwambie daktari, amekwisha kusikia mengi kuliko hilo. Na simu ya wageni izime baada ya Isha. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa hesabu kwamba wanaofanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki wana hatari ya kupata kiharusi iliyozidi kwa asilimia 35 ile ya wanaofanya saa 35 hadi 40. Mgeni wa Ulaya aliyeuliza bei ya chumba usiku wa manane anaweza kujibiwa asubuhi.

Mimi si daktari, kwa hiyo sikupi jina la ugonjwa. Ila usingizi umekwenda, baraza umeihama, hamu ya kuishi imepungua, na hali hii imechukua miezi mitatu, ilhali wahudumu wa afya huanza kuuliza maswali ya sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, pale inapofika wiki mbili. Rudi hospitali ya King Fahd. Safari hii usiseme kifua, sema akili na usingizi, uombe kuonana na anayeshughulikia afya ya akili. Kama siku hiyo hayupo, daktari wa kawaida anaweza kuanza kukupima na kukuelekeza mbele. Ukipewa dawa za sonona, jua kwamba huchukua wiki kadhaa kabla mtu hajaona tofauti. Wengi huzitupa siku ya kumi wakisema hazifanyi kazi. Wewe usifanye hivyo, na usiziache ghafla bila kumwuliza aliyekuandikia.

Sasa nije kwenye lile ninaloliona ndilo kubwa. Biashara mbaya peke yake haikukufikisha hapa, mwanangu. Umefikishwa na kuibeba peke yako. Mkeo analala ubavuni pako na hajui kwa nini unaruka saa tisa. Nina hakika amekwisha kuona kwamba kuna kitu, na pengine anawaza mabaya zaidi ya deni. Pengine anadhani una mwanamke mwingine. Watu wa hapa tumelelewa kusitiriana, na ni jambo jema, lakini sitara hailazimu mume kumficha mkewe deni litakalomgonga mlangoni siku moja.

Kwa hiyo chukua daftari. Andika kila mkopo, ulichukua kiasi gani, umebakisha kiasi gani, lini unatakiwa kulipa. Jumlisha. Umeandika kwamba jumla huijui, na mimi nadhani nusu ya hofu yako ya usiku inaishi hapo, kwa sababu deni lisilo na hesabu halina mwisho mtu akiliwaza gizani. Ukishapata jumla, mpe mkeo daftari alisome mwenyewe. Usianze na maelezo marefu wala kujitetea. Atalia, au atakasirika, au vyote viwili. Mwache. Kisha msikope tena mkopo wa kulipa mkopo, hata wa siku mbili. Mwendee mwenye nyumba kabla hajakujia, umwombe kodi ya miezi ya kusi igawanywe ilipwe msimu ukifunguka. Wafanyakazi wako nao waambie ukweli. Wanaviona vyumba vitupu kila siku, hakuna unachowaficha.

Kuhusu riba na haya ya msikitini, hili limeniuma. Ikiwa unaamini ulikosea, mlango wa toba haufungwi, na aliyekosea ana haja ya msikiti zaidi ya aliye salama. Unaijua ile dua ambayo Mtume (SAW) alijikinga nayo kwa Mola: imetaja wasiwasi na huzuni, kisha ikataja uzito wa deni, yote pamoja. Na Sura ya Al-Baqara inamwamrisha mwenye kudai ampe muda mdaiwa aliye katika dhiki. Sioni wapi dini ilipokutoa nje. Umejitoa mwenyewe, na Ijumaa hii unaweza kurudi.

Wewe ni mtu wa Lamu, unaijua bahari. Mababu walikuja na kaskazi kutoka Uarabuni na kuondoka na kusi, na kusi likiwa kali vyombo vilipandishwa pwani vikatiwa kalafati kuziba nyufa. Hapakuwa na nahodha aliyejiita mshinde kwa sababu upepo umegeuka. Nyumba za wageni hapa huwa tupu miezi ya mvua kila mwaka, na ziliwahi kukaa tupu zaidi ya hivyo, baada ya shambulio la Mpeketoni mwaka 2014 na tena wakati wa korona mwaka 2020. Kosa la hesabu unalo, ndiyo: ulipanga matumizi kana kwamba miezi yote ni Desemba. Hilo linarekebishwa kwa kuweka akiba ya kusi wageni wakiwa wamejaa. Haliwezi kuwa sababu ya mtu kujiona hafai kuishi.

Mama yako usibishane naye. Akitaka usomewe Qur'ani, nenda, ukae miguuni pake, usikilize. Mtume (SAW) aliwahimiza watu watafute dawa, kwa hiyo kisomo na hospitali havigombani. Ila akija mtu anayedai pesa, kuku au kafara na kukuambia uache dawa za daktari, huyo mwambie mama kwa upole kwamba hapana.

Daftari leo usiku, watoto wakishalala. Hospitali Jumatatu asubuhi, na mkeo aje nawe aketi ndani mnapoongea na daktari, kwa sababu peke yako utasema kifua tena. Barazani hulazimiki kurudi kesho. Mtafute kwanza rafiki mmoja tu kati ya wale wa baraza ya Mkunguni, yule ambaye hupendi akuone hivi, umwambie ulivyo.

Niandikie baada ya mwezi unieleze daktari alisema nini. Na mkeo akiwa na lake la kuniambia, na aniandikie.

Shangazi yako