Jibu: "inflammable" na ile "in-" inayowachanganya wanafunzi

Mwalimu, umeuliza kwa nini wanafunzi wako wa Newala husema neno la Kiingereza "inflammable" ni kisichoshika moto. Wanatumia kanuni uliyowafundisha, kwamba "in-" mwanzoni mwa neno hukanusha, ila kanuni hiyo ni nusu. Kilatini kilileta "in-" mbili: moja hukanusha, nyingine ina maana ya "ndani". "Inflammable" inatokana na "inflame", yaani kuwasha, ambayo ina "in-" ya pili. Kwa hiyo lori la petroli likiandikwa "flammable" au "inflammable", onyo ni lile lile. Kisichoshika moto ni "non-flammable". Hapo kaza uzi, maana kosa hili haliishii kwenye alama za mtihani.

Mtego mwingine ni "invaluable": ni chenye thamani isiyokadirika, wala si kisicho na thamani ("worthless"). "Infamous" naye ni maarufu, ila kwa ubaya.

Umbo la "in-" halisumbui sana. Mbele ya p, b na m huwa "im-" (impossible, imbalance, immature), mbele ya l "il-" (illegal), mbele ya r "ir-" (irregular). Waonyeshe kwamba hata sisi husema nyumba ndogo lakini nyumba mbaya. N hugeuka m mbele ya b. Ila "un-" haibadiliki: unpopular, unlikely, unreal.

Kwa zoezi, wape import, impossible, inhale, incorrect, illegal na income wazigawe safu mbili, "si" na "ndani". Wengi watateleza kwenye import, kwa kuwa "im-" wameizoea kwenye ukanushi tu.