Neema Haina Bei: Majibu ya Maswali Yenu

Bwana Yesu asifiwe. Mwezi huu maswali yamekuwa mengi kuliko nafasi niliyo nayo. Nimechagua sita, na mengine yakisubiri msinung'unike. Majina nimeyaacha kwa sababu mnazozijua.

Mchungaji, nimemaliza hapa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM). Nimepata kazi ya mkataba Mwanza, lakini baba ni mgonjwa na shamba letu la zabibu halina mtu. Nimefunga siku saba nikiomba ndoto au ishara, sijaona kitu. Nitajuaje Mungu anataka niende wapi? (Kijana, Mpunguzi)

Mwanangu, pole kwa kuuguza. Fungua Matendo ya Mitume sura ya 16 uisome taratibu. Paulo alitaka kwenda kuhubiri Asia, Roho Mtakatifu akamkataza. Akajaribu Bithinia, nako hakuruhusiwa. Hakuambiwa sababu, wala hakuonyeshwa pa kwenda badala yake. Alifuata njia iliyobaki mpaka Troa, mbele yake bahari, na hapo ndipo usiku alipomwona mtu wa Makedonia akimsihi avuke. Maono yalimkuta ameshatembea siku nyingi. Tena aliyeyaona ni mmoja, ila Luka anaandika kwamba "tuliona hakika". Wenzake walilikalia jambo lile pamoja naye.

Nalo hili usiliruke: walipovuka, hawakumkuta yule mwanamume wa kwenye maono akiwangoja bandarini. Huko Filipi walikuta wanawake kando ya mto, akiwemo Lidia muuza rangi ya zambarau. Baadaye wakachapwa bakora na kufungwa miguu kwenye mkatale. Kwa hiyo usiipime njia ya Mungu kwa ulaini wake.

Wewe ni mtoto wa Ugogo, unaijua mvua yetu. Inaanza mwishoni mwa mwaka, ikifika Aprili imekwisha. Mkulima wa uwele hangoji wingu litande ndipo aanze kutafuta jembe. Anaberega, yaani anasafisha shamba, likiwa kavu, wengine wanatupia mbegu kwenye vumbi kabisa. Mvua hawezi kuileta, lakini jembe ni lake na analishika.

Basi leo jioni kaa na baba yako, umuulize yeye anataka nini. Nimekutana na vijana wengi waliomwomba Mungu kuhusu wazazi wao bila kuwauliza wazazi wenyewe. Jua mkataba ni wa muda gani, na kama yuko ndugu anayeweza kusimamia upogoaji na umwagiliaji usipokuwepo. Kisha mweleze jambo hili mtu mmoja au wawili wanaokupenda na wasiotegemea mshahara wako.

Bibi yangu alikuwa na kibatari cha kopo la maziwa. Usiku tukienda chooni alikishika chini, karibu na magoti, na mwanga wake ulifika kwenye jiwe la mbele tu. Ukikanyaga hilo, unaliona linalofuata. "Neno lako ni taa ya miguu yangu," inasema Zaburi ya 119, na kila nikiisoma naona kile kibatari.

Halafu kufunga. Endelea kufunga, ni vizuri, ila usidhani siku saba zinakununulia jibu na kwamba ungefunga kumi na nne ungepata mawili. Alikusikia siku ya kwanza. Ukichagua kwa moyo safi ukakosea, Mungu si dereva wa basi akuache stendi kwa sababu umechelewa dakika tano.

Nauza mboga Majengo. Mtoto wangu ana kifafa. Mtumishi mmoja ameniambia nitoe laki mbili, sadaka ya kufungua, ndipo amwombee. Nimepeleka elfu themanini, anasema bado haijatimia. Nifanye nini? (Mama, Dodoma mjini)

Mama yangu, usipeleke shilingi nyingine hata moja.

Nitasema wazi kwa sababu jambo hili limepita nyumbani kwetu. Mdogo wangu alipougua, mama aliuza mbuzi wawili akampelekea mtu aliyejiita mtumishi. Naikumbuka kamba tupu ikining'inia kwenye nguzo ya zizi. Mdogo wangu hakupona kwa mbuzi wale, na mama aliishi miaka mingi akiamini kwamba kama angeuza na wa tatu, Mungu angesikia. Hilo ndilo linaloniuma kuliko mbuzi. Alifundishwa kwamba Mungu ana bei, na kwamba yeye hakuifikia.

Soma 2 Wafalme sura ya 5. Naamani, jemadari wa Shamu mwenye ukoma, alifika kwa Elisha na talanta 10 za fedha, vipande 6,000 vya dhahabu na mavazi 10. Akapona, akataka kulipa, na Elisha akaapa kwa jina la Bwana kwamba hapokei kitu. Yule mtumishi wake Gehazi ndiye aliyekimbia nyuma ya gari kuomba talanta moja, akapewa mbili. Ukoma wa Naamani ukamwandama Gehazi. Naye Simoni wa Samaria alipowapa mitume fedha ili apate uwezo wa Roho, Petro alimjibu: "Fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe, kwa kuwa umedhania ya kuwa karama ya Mungu yapatikana kwa mali." Bwana Yesu mwenyewe alipowatuma wanafunzi kuponya wagonjwa aliwaambia, "Mmepata bure, toeni bure."

Sisi wakristo tunatoa, tena kwa furaha. Wengine huleta debe la mtama, wengine kuku. Lakini huko ni kushukuru kwa kilichokwisha kutolewa. Mtu akikuambia lipa kwanza ndipo niombe, hiyo ni biashara, hata akiipa jina la sadaka.

Sasa mtoto. Mpeleke hospitali, na akiandikiwa dawa ameze kila siku bila kuruka, hata akikaa muda mrefu bila kuanguka. Asiache mpaka daktari aseme. Akianguka, mlaze ubavu, ondoa vitu vya kumuumiza, usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni, na dakika tano zikipita bado anatetemeka, mkimbize hospitali. Na majirani wanaoogopa povu lake waambie kifafa hakiambukizi kwa mate. Dawa nayo ni mkono wa Mungu. Maombi utayapata kanisani kwako Jumapili hii, waambie wazee wawawekee mikono wewe na mtoto. Hakuna atakayekuuliza umekuja na shilingi ngapi.

Nikitaka uongozi wa Mungu nafumba macho, nafungua Biblia popote na kuweka kidole. Mke wangu anasema ni ramli. (Mwanamume, Manyoni)

Mkeo yuko sahihi. Barua ya baba yako huisomi kwa kuchomoa neno moja katikati ya ukurasa. Chagua Injili moja, anzeni mwanzo, someni pamoja kila jioni mpaka mwisho.

Nilikuwa mweka hazina wa kikoba cha akina mama. Nilikula shilingi 640,000 kidogo kidogo, nyingine zikaingia kwenye matofali ya nyumba. Nimetubu, naamini Mungu amenisamehe. Kama neema ni bure, kuna haja ya kurudisha? (Mama, Kibaigwa)

Ndiyo, rudisha. Deni lako mbele za Mungu Kristo amelilipa, lote, na hakuna kiasi unachoweza kuongeza. Lakini fedha za wenzako bado ziko kwenye ukuta wa nyumba yako. Yupo mama pale kikobani aliyetegemea mgao ule kwa sare za shule.

Angalia mpangilio wa mambo kwa Zakayo, yule mtoza ushuru wa Luka 19. Yesu alimwita ashuke mtini na kutangaza kwamba atashinda nyumbani kwake, wakati Zakayo hajarudisha hata senti. Watu walinung'unika kwa sababu hiyo hasa. Ni baada ya kupokelewa ndipo aliposimama na kusema nusu ya mali yake atawapa maskini, na aliowadhulumu atawarudishia mara nne. Angerudisha kwanza ili apokelewe, tungekuwa na hadithi nyingine, nami nisingeihubiri.

Usiende peke yako. Mchukue mzee mmoja wa kanisa, nenda na kiasi chote kimeandikwa, usipunguze. Sema utalipa elfu hamsini kila mwezi, itakuwa mwaka na mwezi mmoja. Watakufokea, na wana haki. Usijitetee kwa mistari ya Biblia. Kusamehe ni juu yao, na huwezi kuwadai msamaha kana kwamba nao ni deni.

Wengi mmeniuliza kama kuhubiri neema hivi si kuwafungulia watu mlango wa dhambi. Swali hilo Paulo aliulizwa, lipo Warumi sura ya 6, na jibu lake ni "Hasha!" Mimi namwonyesha huyu mama. Miaka yote aliyoogopa kugundulika hakurudisha chochote. Aliposamehewa ndipo lilipoanza kumsumbua hata akaandika.

Mimi ni mzee wa kanisa kwa miaka 38. Jirani yangu alikuwa mlevi maisha yake yote, akaokoka wiki tatu kabla ya kufa. Kwenye mazishi mchungaji akasema amepokelewa sawa na watakatifu wote. Nimekwazika. (Mzee, Chamwino)

Shikamoo mzee wangu. Ahsante kwa kusema kweli, maana wengi wanalificha hili moyoni na kuendelea kukaa kiti cha mbele.

Mimi nimekulia Hombolo. Huku zabibu zinavunwa mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa mwaka na tena kuelekea Septemba, na wakati wa mavuno vibarua husimama njia panda tangu giza. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nabeba maji ya kunywa ya wavunaji. Wenye mashamba walipokuja, vijana wenye misuli walichukuliwa kwanza, kisha wanawake wepesi wa mikono. Jua likipanda, wanabaki wazee na wagonjwa, na yule ambaye kila mtu anajua anakunywa. Saa sita mchana bado wapo. Hawaendi nyumbani kwa sababu nyumbani hakuna cha kuonyesha.

Ndiyo maana mfano wa Mathayo 20 unanishika koo. Saa kumi na moja jioni mwenye shamba la mizabibu anawauliza vibarua waliobaki kwa nini wamesimama kutwa, nao wanajibu hakuna mtu aliyewaajiri. Anawapeleka shambani kwake. Halafu anawapa dinari, ujira wa siku nzima, sawa na walioanza alfajiri, kiasi ambacho familia ingekula siku ile. Angewapa ujira wa saa moja, watoto wangelala njaa. Bwana yule alihesabu midomo ya nyumbani, hakuhesabu saa.

Mzee wangu, wewe ulichukuliwa alfajiri. Ni nani aliyekuchukua? Nadhani unakumbuka ulivyokuwa kabla ya hiyo miaka 38. Na miaka hiyo, ulipowazika watu wako, ulipokosa mavuno, ulikuwa na Bwana wa kumlilia. Jirani yako alilia kilabuni. Siamini kwamba ungekubali kubadilishana naye, hata kwa ahadi ya wiki tatu za mwisho.

Nenda ukamsalimie mjane wake. Sidhani kama watu wengi wamekanyaga kwake tangu matanga yaishe.

Nilitoa mimba nikiwa na miaka 19. Sasa nina 41. Nimetubu mara nyingi sana. Watu wakienda Meza ya Bwana mimi nabaki kwenye benchi. Nikisikia neema ni bure najua ni kweli kwa wengine. (Mama, Kongwa)

Dada yangu, barua yako nimeisoma mara tatu. Miaka 22 ni mingi kukaa kwenye benchi.

Unasema umetubu mara nyingi. Mara ya kwanza ilisikiwa. Hizo nyingine zote nadhani hukuwa unatubu, ulikuwa unalipa, kwa fedha pekee uliyonayo, yaani huzuni yako. Na kila Jumapili ulipohesabu uliona haijatimia, kama yule mama wa Majengo na elfu themanini zake. Tofauti ni kwamba yeye kuna mtu anayemdai. Wewe hakuna anayekudai.

Kulia, lia. Huzuni ya mtoto yule ni ya mama, nayo haihitaji ruhusa yangu. Ukiwa na mama mtu mzima unayemwamini, anayejua kufunga mdomo, mweleze. Siri ya miaka 22 ni nzito kwa mtu mmoja.

Tumelelewa kupokea kwa mikono miwili. Mkubwa akikupa kitu, hata kikombe cha chai, unaweka chini ulichoshika kwanza, ndipo unyooshe mikono. Hatukuambiwa tukague kama mikono inastahili. Tuliambiwa tu isiwe na kitu kingine.

Jumapili ijayo wakianza kusimama, simama nawe. Ukiona aibu, ingia mstari wa mwisho na upige magoti pale pembeni, karibu na ukuta. Hutaulizwa chochote. Weka kiganja cha kulia juu ya cha kushoto, mchungaji atafika mbele yako, na utasikia akisema, Mwili wa Bwana wetu Yesu Kristo, uliotolewa kwa ajili yako.