Maswali yenu: damu, kisu na bastola

Barua za safari hii karibu zote zina hofu moja ndani yake: ubaya ukinifika kabla msaada haujafika, nitafanya nini? Nimezijibu kadiri nilivyoweza. Nyingine nimezijibu kwa mistari michache kwa sababu hazihitaji zaidi ya hapo.

Mwalimu, shikamoo. Duka letu limevamiwa mara mbili na nimeshaomba kibali cha kumiliki bastola. Nianze na mafunzo gani?

Marahaba, na poleni sana. Anza na huduma ya kwanza ya majeraha, bastola ifuate. Najua siyo jibu ulilolitarajia. Lakini ajali ya gari, kioo kilichovunjika, msumeno ulioteleza, mtu aliyeanguka kwenye ngazi, hayo yatakukuta hata kama mvamizi hatarudi tena. Na akirudi, mwisho wake huwa ni mtu anayevuja damu sakafuni, na huenda mtu huyo ni mteja wako. Mtu mzima ana lita 5 hivi za damu. Mshipa mkubwa wa paja ukikatika, anaweza kufa ndani ya dakika 3 hadi 5. Gari la wagonjwa haliwezi kuuwahi muda huo, kwa hiyo dakika hizo ni za yule aliyesimama karibu.

Ukifika kwenye bastola, tafuta mkufunzi ambaye siku ya kwanza hakupi risasi hata moja. Kuna kanuni nne ambazo wakufunzi wengi duniani huzifundisha kama alivyozipanga Jeff Cooper, afisa mstaafu wa jeshi la wanamaji wa Marekani aliyefungua shule ya Gunsite huko Arizona mwaka 1976. Kila silaha ihesabu kuwa ina risasi. Usielekeze mdomo wake kwenye kitu usichotaka kukiharibu. Kidole kikae nje ya triga, yaani kifyatulio, mpaka macho yako yawe kwenye shabaha. Ijue shabaha yako na kilicho nyuma yake.

Uzuri wa kanuni hizi ni kwamba zinalindana. Ukisahau moja, risasi itatoka lakini itapiga udongo. Ili mtu aumie, mara nyingi lazima uvunje mbili kwa pamoja. Niliwahi kumrudisha nyumbani mwanafunzi aliyegeuka kuniuliza swali huku bastola ikigeuka naye na kupita mbele ya wenzake watano. Ilikuwa tupu. Alikasirika sana, na sijutii.

Zamani tulifundishwa kwamba ukimfunga mtu mguu kwa kamba kuzuia damu, mguu huo utakatwa. Sasa mnatuambia tufunge. Tushike lipi?

Shika la sasa. Nitaeleza kwa urefu, maana hofu hii bado inaua watu.

Kifaa tunachokizungumzia ni tonikweti, yaani mkanda mpana wenye kijiti cha kuzungushia, unaobana mkono au mguu mpaka damu isipite kabisa. Si kitu kipya. Mwaka 1674, mji wa Besançon ulipozingirwa vitani, daktari wa upasuaji Mfaransa Etienne Morel alikaza kitambaa kwa kukisokota na kijiti. Mwaka 1718 Jean-Louis Petit akatengeneza cha skrubu, na jina lenyewe likatokana na neno la Kifaransa lenye maana ya kuzungusha. Sifa mbaya ilikuja kwa sababu majeruhi wa vita walikaa saa nyingi mno wakiwa wamefungwa kabla ya kumwona daktari. Viungo vilikufa, na lawama ikaangukia mkanda.

Vita vya Iraki ndivyo vilivyobadili mawazo. Mwaka 2006 timu ya daktari wa jeshi la Marekani John Kragh iliwafuatilia majeruhi waliofikishwa hospitalini Baghdad. Waliofungwa tonikweti kabla mwili haujaanza kuzimika kwa kupoteza damu, asilimia 90 walipona. Waliofungwa baada ya hapo, asilimia 10 tu. Na hakuna aliyekatwa kiungo kwa sababu ya tonikweti yenyewe. Kwa raia, jambo hili lilishika kasi baada ya mauaji ya shule ya Sandy Hook huko Marekani, Desemba 2012. Madaktari walikutana katika mji wa Hartford kutafuta njia ya kuwafikisha majeruhi hospitalini wakiwa hai, na Oktoba 2015 Ikulu ya Marekani ikazindua kampeni ya Stop the Bleed ya kumfundisha kila mtu kuzuia damu.

Sasa matumizi. Damu ya kufungwa hivi ni ile inayoruka au kutiririka bila kukoma, inayolowesha nguo, inayofanya dimbwi chini. Mchubuko hauhitaji haya. Weka mkanda sentimeta 5 hadi 7 juu ya jeraha, upande wa kuelekea moyoni, wala usiuweke kwenye goti lenyewe au kiwiko chenyewe. Kama huoni jeraha liko wapi, weka juu kabisa penye paja au mkono, hata juu ya nguo, ila ondoa simu na funguo mfukoni. Vuta mkanda ukaze kabla hujagusa kijiti, kisha zungusha mpaka damu ikome. Atapiga kelele na kukusihi ulegeze. Usilegeze. Tonikweti iliyokaa sawasawa inauma vibaya, na asipolalamika hata kidogo huwa naiangalia upya. Andika saa uliyofunga, hata kwenye paji la uso wake. Damu isipokoma, funga ya pili kando ya ile ya kwanza, upande wa kuelekea moyoni. Ikikaa muda usiozidi saa mbili, kwa kawaida kiungo huwa salama, na wa kuifungua ni daktari.

Mkanda wa suruali je?

Mara nyingi haufai. Hauna kitu cha kuusokotea, na mikono peke yake haiwezi kuukaza vya kutosha. Katika milipuko ya mabomu kwenye mbio za marathoni za Boston, Marekani, mwaka 2013, tonikweti zote zilizofungwa pale pale barabarani zilikuwa za kuungaunga kwa vitu vilivyopatikana, na madaktari waliochunguza baadaye walisikitishwa na jinsi nyingi zilivyokuwa dhaifu. Mkanda uliolegea unazuia damu inayorudi moyoni huku ukiiruhusu inayotoka, kwa hiyo jeraha linavuja zaidi. Kama huna tonikweti, tumia mikono yako miwili na uzito wa mwili wako kukandamiza jeraha.

Mdogo wangu alichomwa kisu kwenye kinena. Hatukuwa na pa kufunga, tukabaki tunatazamana. Amepona, namshukuru Mungu, lakini tungefanya nini?

Pole sana, wewe na yeye. Msijilaumu kwa jambo ambalo hakuna aliyewafundisha.

Kwenye kinena, kwapani na shingoni hakuna pa kufunga. Pale jeraha hujazwa. Chukua shashi ya hospitali au kitambaa safi kabisa ulichonacho, utafute kwa kidole mahali damu inapotokea, na ushindilie kitambaa humo kidogo kidogo mpaka shimo lijae. Kisha kandamiza kwa mikono miwili, viwiko vimenyooka, kwa dakika 10 bila kuinua kutazama. Zipo shashi zenye dawa ya kugandisha damu, ambazo huhitaji dakika 3 hivi. Wanafunzi wengi hushindwa kwenye kule kutazama. Kila ukiinua mkono, donge lililoanza kuganda linang'oka na unaanza upya.

Tumboni na kifuani usijaze chochote. Utumbo ukitoka usiurudishe ndani, ufunike kwa kitambaa safi chenye unyevu. Tundu la kifuani usilizibe kwa plastiki pande zote, kwa maana hewa ikinaswa ndani itabana pafu na hata moyo. Liache wazi, au tumia kibandiko chenye vali, yaani kilango kinachotoa hewa bila kuiingiza, kama umefundishwa. Kisu kilichobaki mwilini kiache hapo hapo na ukizuie kisitikisike.

Na mfunike majeruhi blanketi, hata kama kuna joto. Mwili uliopoa damu yake haigandi vizuri, jambo ambalo watu wengi hawalijui. Maji ya kunywa usimpe, hata akiomba, kwa sababu huenda anaelekea chumba cha upasuaji.

Nina mkanda mweusi. Mtu akinijia na kisu, naweza kumnyang'anya?

Kimbia. Nakuheshimu na nauheshimu mkanda wako, ila mazoezini mwenzako anakupa shambulio moja na mkono unabaki hapo hewani ukimsubiri. Mtu mwenye nia ya kuua anachoma mara tano au sita mfululizo huku mkono mwingine umekushika shati. Mwaka 1983 Dennis Tueller, polisi wa mji wa Salt Lake City huko Marekani, aliandika kuhusu jaribio lake: mtu wa kawaida anakimbia yadi 7, karibu mita 6.4, kwa sekunde moja na nusu. Huo ndio muda ambao mtu aliyefunzwa anahitaji kuchomoa bastola na kufyatua. Ikiwa mwenye bastola yuko mashakani kwa umbali huo, mwenye mikono mitupu yuko mashakani zaidi. Weka meza, gari au mlango kati yenu. Kunyang'anya ni kwa yule aliyebanwa kwenye kona asiye na njia nyingine kabisa.

Mimi ni mwanafunzi wa chuo. Kozi fupi ya kujihami inasaidia kweli, au ni ya kunipa moyo tu?

Inategemea inafundisha nini, binti yangu. Mwaka 2015 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti kutoka vyuo vikuu vitatu vya Kanada, uliohusisha karibu wanawake 900 wa mwaka wa kwanza. Nusu yao walipewa mafunzo ya vipindi vinne vya saa tatu kila kimoja. Baada ya mwaka, waliobakwa katika kundi lililofunzwa walikuwa asilimia 5.2, na katika kundi lililopewa vipeperushi walikuwa asilimia 9.8.

Tazama walichofundishwa. Mateke na ngumi zilikuwa kipindi kimoja tu. Kwingine walijifunza kuitambua hatari mapema hata inapotoka kwa mtu wanayemfahamu, maana wengi hushambuliwa na wanaowajua, na kuishinda ile aibu ya kupaza sauti, kukataa na kuondoka katikati ya mazungumzo. Kozi inayokuahidi mbinu tatu za kumwangusha jitu la kilo mia, ipite. Na nikuambie jambo ambalo naliamini kwa moyo wote: aliyefanyiwa ubaya hana kosa, awe amefunzwa au hajafunzwa, awe alipigana au aliganda. Mwili kuganda kwa hofu ni jambo la maumbile.

Bastola ya mume wangu anaiweka juu ya kabati. Anasema mtoto hafiki.

Mama, mtoto anafika. Anavuta kiti, anapanda droo, na anajua maficho yenu yote kuliko mnavyodhani. Kuficha na kufungia ni mambo mawili tofauti. Silaha iwe tupu, ndani ya kasha la chuma lenye kufuli, na risasi ziwe na kasha lake jingine. Ufunguo asiujue mtoto. Mwambie mumeo pia kwamba kutoa magazini, yaani kisanduku cha risasi, peke yake hakuifanyi bastola kuwa tupu: risasi iliyokwisha kuingia kwenye chemba, pale inapokaa tayari kufyatuliwa, inabaki humo, na hiyo moja ndiyo iliyoua watu wengi walioamini wameshika bastola isiyo na kitu. Magazini itoke kwanza, kisha chemba ifunguliwe, itazamwe kwa macho na kuguswa kwa kidole.

Na ikiwa nyumbani kuna mtu aliyekata tamaa ya maisha, au ambaye hasira zake zinawatisha, silaha itoke humo kabisa kwa muda, kwa njia ambayo sheria yenu inaruhusu. Usione haya kulisema hili. Wazo la kujiua mara nyingi lina kilele kifupi kisha linapungua, na bastola haimpi mtu nafasi ya kubadili mawazo.

Uwanja wa shabaha nimesahau vifaa vya masikio. Mara moja tu ina madhara?

Ndiyo. Mlio wa bunduki unapita desibeli 140, na mmoja tu unaweza kukuachia mlio masikioni wa maisha. Rudi siku nyingine. Na ukimaliza kupiga, nawa mikono na uso kwa sabuni kabla ya kula, kwa sababu ya risasi, yaani madini ya risasi yenyewe, yanayobaki kwenye ngozi.

Nikimpiga risasi aliyenivamia, akaanguka, ni wajibu wangu kumsaidia?

Swali hili sikulitarajia, na nakushukuru kwa kuliuliza. Sheria za nchi zinatofautiana, uliza wakili wa kwenu kabla hujabeba silaha. Lakini msingi unaokutana nao karibu kila mahali ni huu: nguvu inaruhusiwa hatari ikiwa ipo mbele yako sasa hivi, na kwa kiasi kinacholingana nayo. Akishaanguka na silaha imemtoka, hatari imekwisha, na haki yako ya kufyatua imekwisha pale pale. Risasi inayofuata inaweza kuitwa mauaji.

Kusaidia sasa. Kwanza usalama: wapo wenzake? Kisu kiko wapi? Piga simu, omba polisi na gari la wagonjwa, sema wewe ni nani na umevaa nini ili wakifika wasikuchanganye na mvamizi. Weka silaha yako mahali salama kabla hawajaingia. Ukiona unaweza kumfikia bila hatari, mfunge tonikweti kama ungemfunga ndugu yako. Kama huwezi kumsogelea kwa usalama, baki ulipo na uwaelekeze wanaokuja. Mimi ningemfunga. Nimefundisha kupiga shabaha kwa miaka mingi, na lengo nililowapa wanafunzi siku zote ni kuikomesha hatari. Kumuua mtu sijawahi kukufundisha kama lengo.

Tonikweti ninayofanyia mazoezi naweza kuiacha kwenye begi iwe ya dharura?

Hapana. Kijiti na mkanda huchoka kwa kukazwa mara nyingi, na vinaweza kukatika siku ya haja. Nunua mbili, ya mazoezi uipake alama kubwa ya rangi. Ya dharura itoe kwenye nailoni yake uikunje tayari, kwani vidole vyenye damu havichani nailoni. Jizoeze kujifunga mwenyewe kwa mkono mmoja, kisha kwa mkono usioutumia sana, kisha gizani. Begi lenyewe likae mahali ambapo kila mtu wa nyumbani analijua na kulifikia bila kukuuliza, kwa sababu siku hiyo huenda wewe ndiye uliyelala chini.