Pato limepanda, maisha je?

Kila mwaka tunatangaziwa kuwa uchumi umekua, lakini mfukoni hali ni ileile. Nani anadanganya?

Huenda hakuna. Kinachotangazwa kwa kawaida ni pato la ndani: thamani ya bidhaa na huduma zote zilizozalishwa ndani ya mipaka ya nchi, awe mzalishaji ni mwenyeji au mgeni. Uliza kwanza kama mfumuko wa bei umeondolewa, kisha uangalie idadi ya watu. Uchumi ukikua kwa asilimia 3 na watu nao wakaongezeka kwa asilimia 3, kila mtu kwa wastani yuko palepale.

Pato la ndani na pato la taifa si kitu kimoja?

Si kitu kimoja, ingawa kwenye habari mara nyingi yote mawili huitwa "pato la taifa". Pato la taifa lenyewe huongeza mapato ambayo wenyeji wanayapata kutoka nje, na kuondoa faida na riba zinazokwenda kwa wageni. Ukitaka kujua viwanda na ajira zikoje, tumia pato la ndani. Ukitaka kujua wenyeji wamebaki na nini, tumia la taifa.

Tazama Ireland. Mwaka 2015 pato lake la ndani lilipanda kwa takribani robo nzima, hasa kwa sababu kampuni za kimataifa zilihamishia huko haki za kumiliki ubunifu wao. Mali ilihama katika vitabu vya hesabu tu. Mishahara ya watu haikupanda hivyo. Ikabidi wanatakwimu wa nchi hiyo watunge kipimo kingine cha pato la taifa, kinachoondoa sehemu kubwa ya athari hizo. Sijui mfano ulio wazi kuliko huu.

Na pesa wanazotuma ndugu zetu waliohamia nje?

Hazimo katika pato la ndani wala la taifa, kwa kuwa ni msaada, si malipo ya kazi iliyofanywa na wakazi wa nchi. Zimo katika pato la taifa linaloweza kutumika, yaani pato la taifa ukiongeza misaada inayoingia kutoka nje na kuondoa inayotoka. Kwa nchi inayotegemea sana pesa hizo, ningeanza na kipimo hicho.

Kwa nini husemi tu tugawanye kwa idadi ya watu?

Kwa sababu wastani huficha watu. Chukua watu watano wanaopata 10, 12, 15, 18 na 445. Wastani wao ni 100, na wanne kati yao hawafiki hata robo yake. Mtu wa katikati anapata 15. Huyo wa katikati ndiye ninayemtafuta kila ninapofungua takwimu, na asipokuwepo naona nimenyimwa jibu.

Nikilinganisha nchi mbili, nibadilishe yote kuwa dola?

Usitumie kiwango cha soko cha kubadilisha fedha peke yake. Tumia takwimu zilizorekebishwa kwa uwezo wa fedha kununua, maana dola moja hainunui vitu sawa kila mahali.

Basi hakuna namba moja ya kutosha?

Hakuna. Simon Kuznets, aliyeandaa hesabu za pato la Marekani, aliliambia Bunge la huko mwaka 1934 kwamba ustawi wa taifa hauwezi kupimwa kwa pato lake tu. Tangu 1990 Umoja wa Mataifa huchapisha faharasa ya maendeleo ya binadamu, inayochanganya pato na elimu na umri wa kuishi. Hata hiyo haimhesabu mama anayemuuguza mzazi wake nyumbani bila malipo. Akiajiriwa kufanya kazi hiyohiyo katika nyumba ya jirani, pato la nchi linapanda siku hiyohiyo.