Mfuateni nyoka kwenye ukuta wa malkia Neith

Ndugu zangu mnaoanza kusoma hieroglifi, maandishi ya picha ya Misri ya kale, wengi wenu mtaanzia kwa Unas, mfalme ambaye piramidi yake kule Saqqara, eneo la makaburi karibu na Kairo, ndiyo ya kwanza kuandikwa maneno ya maziko kutani, karne ya 24 KK. Sawa. Ila msikawie kufika kwa Neith, mke wa mfalme Pepi II. Piramidi yake iko Saqqara ya kusini, ndogo, upande mmoja kama mita 24 tu, lakini chumba cha maziko kimejaa maandishi.

Kilichonikwamisha mimi ni Kiswahili chetu. Tukisema "amepaa", hakuna anayejua ni mume au mke. Mmisri wa kale alilazimika kuchagua. Kiambishi tamati cha mwanamume ni -f, huchorwa nyoka mwenye vipembe viwili. Cha mwanamke ni -s, mara nyingi kitambaa kilichokunjwa. Hata anayesemeshwa ana chake: mwanamume ni -k, kikapu chenye mkono, mwanamke ni kamba ya kufungia mnyama.

Nilipokuwa mgeni nilinakili safu nzima, nikatafsiri kwa "chake" na "wake", ikasomeka vizuri kabisa. Mwalimu wangu akaweka ncha ya penseli juu ya nyoka mmoja, akaniuliza: "Huyu amefuata nini kwa mwanamke?" Sikuwa nimemwona kabisa.

Maneno yale yalitungwa kwanza kwa ajili ya wafalme. Waandishi walipoyahamishia kwa malkia walibadilisha viambishi, ila hapa na pale walipitiwa, na cha kiume kikabaki. Pale ndipo nakala ya mfalme inapochungulia chini ya ile ya malkia, na Kiswahili kinaifuta bila wewe kujua. (Jina la Osiris, mungu wa wafu, ni jambo jingine: kila marehemu wa kuta hizi huitwa hivyo, kwa hiyo "Osiris Neith" si kosa.)

Basi nakili alama kwanza, kisha matamshi kwa herufi za Kilatini, Kiswahili kije mwisho. Pembeni ya kila kiambishi andika ME au KE, kama kwenye fomu. Inachosha, najua, hasa ukuta wa kaskazini wenye sadaka, ambako marehemu anaambiwa tena na tena apokee jicho la mungu Horus. Usiruke hata mstari mmoja.

Na ukikutana na nyoka asiyestahili, usimsahihishe. Mwandike alivyo, kisha nenda kwenye kuta za piramidi ya mumewe Pepi II, utafute fungu hilohilo la maneno.