Usifute programu ya benki, funga laini kwa PIN kwanza

Kuna mtu ameuliza kama aifute programu ya benki kwenye simu janja, abaki na menyu za *150* (zile za kupiga namba bila intaneti) peke yake kwa sababu ya usalama. Jibu langu: usifute. Kwenye menyu hizo namba ya siri mara nyingi huonekana wazi unapoiandika, na aliyekaa jirani yako kwenye daladala anaisoma bila shida. Programu huificha. Isitoshe, wezi wengi hawahangaiki kuvunja programu ya benki. Wanaitafuta laini, maana ndiyo inayopokea namba za uthibitisho.

Mwizi aliyepora simu iliyofungwa huchomoa laini, akaiweka kwenye kiswaswadu (simu ndogo ya vitufe), kisha akaomba kubadilisha nywila ya baruapepe au ya benki yako. Ujumbe wa uthibitisho unamfikia yeye. Dawa yake ni PIN ya laini, ambayo watu wengi hawajawahi kuigusa. Kwenye Android iko kwenye mipangilio ya usalama, sehemu ya kufunga SIM. Kwenye iPhone iko chini ya mipangilio ya mtandao wa simu. Utaulizwa kwanza PIN ya kiwandani. Usibahatishe! Ukikosea mara 3 laini inadai PUK, yaani namba ya kufungulia laini iliyojifunga, na ukikosea PUK mara 10 laini imekufa, huna budi kuchukua laini mpya yenye namba ileile. Hizo namba zimeandikwa kwenye kadi iliyokuja na laini. Kama uliitupa, piga 100 kwa huduma kwa wateja. Ukishaibadilisha PIN hiyo, utaulizwa tu simu ikiwashwa upya au laini ikihamishiwa simu nyingine.

Piga pia *106# uangalie namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA (Tanzania). Kuna wakala anayekuambia "kidole hakijasoma, weka tena", kumbe cha pili kinasajili laini nyingine. Halafu *#21# inaonyesha kama simu zako zinaelekezwa kwa mtu mwingine. Tapeli akikushawishi ubonyeze **21* ikifuatiwa na namba yake, simu zako zote zinaenda kwake, pamoja na ile ya benki inayokuuliza kuhusu muamala. ##002# inaondoa uelekezaji wote wa simu.

Upande wa simu yenyewe, hatari kubwa ni faili la APK (la kusakinisha programu kwenye Android) linalotumwa WhatsApp, hasa la "mkopo wa haraka". Likiingia huomba ruhusa ya ufikivu, ile iliyokusudiwa wenye shida ya kuona au kutumia mikono. Ukiikubali, programu inasoma kila kilicho kwenye kioo na inaweza kubonyeza kwa niaba yako, hivyo namba ya uthibitisho haikusaidii tena. Android 13 na kuendelea huweka kizuizi hapo, ndiyo maana tapeli anakaa na wewe kwenye simu akikuelekeza jinsi ya kukiondoa. Fungua Ufikivu sasa hivi. Usichokifahamu kizime, kisha ukifute. AnyDesk na TeamViewer, za kuona au kuendesha simu kwa mbali, nazo ni programu halali kabisa, lakini hakuna mfanyakazi wa benki mwenye sababu ya kukuomba uziweke.

Mengine ni madogo: ficha maandishi ya ujumbe kwenye kioo kilichofungwa, na PIN ya kufungua simu isifanane na ya benki. Anayeijua PIN ya simu anaweza kuongeza kidole chake, na si programu zote za benki zinazogundua.

Mtandao ukipotea ghafla kwako wakati wenzako wa kampuni hiyohiyo wanao, anzisha simu upya mara moja tu. Usiporudi, chukulia kwamba mtu mwingine amechukua laini mpya yenye namba yako. Azima simu, piga benki wasimamishe miamala, halafu mtandao wafunge laini. Simu ikiibwa, laini ndiyo itangulie, benki ifuate, kisha ufute data kwa mbali kupitia akaunti yako ya Google au Apple. Kufuta kuje mwisho, kwa sababu kwenye Android ukishafuta huwezi tena kuona simu iko wapi.