Kengele ya wizi isiyo na waya: mambo niliyojifunza nyumbani Mtwara

Ilikuwa Novemba, korosho zimepamba moto. Tulikwenda Newala siku tatu kuwasaidia wazee shambani, na tuliporudi Likombe tukakuta komeo la mlango wa uani limeng'olewa. Televisheni, mtungi wa gesi na cherehani yangu havipo. Cherehani iliniuma, lakini kilichoniuma zaidi ni binti yangu, maana alikataa kulala chumbani kwake wiki mbili nzima. Ndipo nikanunua kengele isiyo na waya. Sasa ni mwaka wa tatu ninaishi nayo, na ningependa wewe usianze kwa kukosea nilikokosea mimi.

Ndani ya boksi kulikuwa na mashine kuu inayowekwa laini ya simu, sensa za milango, yaani vifaa vidogo vinavyohisi mlango ukifunguliwa, sensa moja ya mwendo, king'ora na rimoti mbili. Hutoboi ukuta, kwa sababu sensa huongea na mashine kwa mawimbi ya redio, nyingi zikitumia megahezi 433. Boksi limeandikwa mita 100, ila hizo ni za uwanjani. Ukuta wa tofali na zege lenye nondo hula mawimbi. Mashine ilipokuwa sebuleni haikuipata kabisa sensa ya jikoni. Nilipoihamishia koridoni, katikati ya nyumba, ikaipata. Tena huko mgeni wa mlangoni haioni, na hilo ni jambo la maana.

Sensa ya mlango ina vipande viwili, kimoja fremuni na kingine, chenye sumaku, kwenye mlango wenyewe. Vikiachana, king'ora kinalia. Mlango ukiwa umefungwa, pengo kati yake lisizidi sentimita moja. Mlango wangu wa jikoni ni wa mbao, na mvua zikianza huvimba, basi pengo linabadilika. Nilichora mstari wa penseli kuzunguka kila kipande, nikiona kimesogea najua mara moja.

Sensa ya mwendo ndiyo iliyotunyima usingizi. Hiyo hufuata joto linalotembea mbele yake. Usiku wa pili ililia saa tisa, sote tukaruka kitandani, kumbe mjusi kapita juu ya kioo chake. Kiumbe kidogo kikiwa karibu hivyo, sensa hukiona kikubwa. Siku nyingine lilikuwa jua la alasiri na pazia linalopeperushwa na kusi. Niliihamishia kwenye kona, kama mita mbili kutoka sakafuni, ikitazama ndani na si dirishani. Kelele za bure zikaisha. Usizipuuze hizo kelele, maana jirani akiamshwa bure mara tatu, ya nne hatoki.

Sasa umeme. Mashine ina betri yake ndani, lakini usiamini maneno ya dukani. Ichomoe kwenye soketi jioni, uone kama itafika asubuhi. Yangu haikumaliza saa moja, nikabadilisha betri. Anayekaa karibu na bahari, Shangani au Mikindani, afungue pia sensa mara kwa mara, kwa sababu chumvi huleta kutu ya kijani kwenye vyuma vya betri.

Nakusihi uchague inayopiga simu na kutuma meseji, isitegemee intaneti peke yake. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilipokatika, intaneti ilisuasua nchi nzima. Na laini ya mashine nayo inataka salio. Isipotumika muda mrefu hufungwa. Kila tarehe moja naiwekea vocha na kuijaribu. Namba ya siri iliyokuja nayo, 1234, niliibadilisha siku ile ile.

Baada ya hapo nilikwenda kwa bibi jirani nimsikilizishe king'ora. Akaniuliza, "Mwanangu, na utu uzima huu, nikitoka nitamfanya nini mwizi?" Nikamwambia, bibi, usitoke kabisa. Washa taa ya nje, kisha piga simu. Nikamwandikia kwa herufi kubwa namba ya balozi wetu wa nyumba kumi na 112 ya polisi, akabandika ukutani. Kwenye mashine, namba ya kwanza kupigiwa ni ya bibi, yangu ya pili, kwa sababu mimi ninaweza kuwa Newala.

Mwezi Machi mwaka huu ililia tukiwa tumelala. Taa ya bibi iliwaka kwanza, ikafuata ya nyumba ya pili, na watu wakaanza kuitana. Asubuhi nilikuta kipande cha nondo nje ya mlango wa jikoni, fremu imechubuka, sumaku imetoka nje ya mstari wa penseli. Nikaibandika upya pale pale, binti yangu akinishikia tochi.